Kadi ya uanachama wa ambulensi ya kujitolea: nyota nne, ila habari ya kodi tuiongee vizuri

Wadau mlioko Marekani, hasa mliohamia miji midogo na vijijini ambako nyumba ni nafuu, kila mwaka naona maswali yale yale kuhusu ile barua inayokuja na bahasha ya kurudishia, kikosi cha ambulensi kinakuomba ujiunge kwa hela ndogo kwa mwaka, na watu wanajiuliza kama ni utapeli. Sio utapeli. Sisi ni wanachama, tumeshaitumia, na kwa hela ile ni moja ya vitu vichache huku ambavyo nalipia bila kununa. Jina la kikosi chetu silitaji kwasababu nataka mtu wa jimbo lolote aweze kuitumia hii ripoti, na barua za vikosi vingine nilizowahi kuonyeshwa na watu zinafanana sana na yetu.

Kwa asiyejua, ukipiga 911, namba ya dharura ya huku, usidhani ile gari inakuja bure kwa kuwa unalipa kodi. Polisi hawakutumii bili, zimamoto kwa kawaida hawakutumii bili ya kuzima moto, lakini ambulensi bili inakuja, iwe ya kampuni, ya hospitali, ya kaunti au ya watu wa kujitolea. Na si kila jimbo sheria yake inaihesabu ambulensi kuwa huduma ya lazima kama polisi, ndo maana sehemu nyingi za vijijini kikosi kinajiendesha kwa bili za bima, vijihela vya kaunti, michango, na karamu za kuchangisha pale kituoni.

Sasa uanachama unafanyaje kazi. Sisi tunalipa dola 70 kwa mwaka kwa familia nzima inayoishi nyumba moja. Ikitokea dharura wakakubeba, wanaipelekea bima yako bili kwanza kama kawaida, bima ikishalipa inacholipa, kile kilichobaki ambacho ungedaiwa wewe wanakifuta. Basi. Sio bima, na barua yenyewe inasema hivyo kwa maandishi madogo kule chini, ni makubaliano tu kati yako na kikosi kimoja.

Binti yetu ana pumu, siku ilipombana usiku ikagoma kuachia na dawa ya kuvuta tukapiga simu, wakaja wawili, mmoja namfahamu kabisa kwasababu mchana ni fundi magari, mikono bado ina ile oili isiyotoka kwenye kucha, akapiga goti pale sakafuni akamuwekea mtoto mask ya mvuke huku anamuuliza habari za paka wake. Mtoto akajibu kwa vidole maana pumzi ya kuongea hana. Huduma siwezi kuitolea kasoro hata moja. Bili ilipokuja: dola 1,150 za kubebwa, dola 22 kwa kila maili mara maili 19, na dola 60 za oksijeni na vifaa, jumla 1,628. Bima ya kazini ikalipa 900 ikasema hiyo ndo bei inayoona ni ya haki. Zilizobaki 728 zilifutwa, karatasi ya mwisho ikaja imeandikwa sifuri na neno mwanachama pembeni. Hapo ndo nilipoacha kuhesabu kama 70 ni nyingi.

Na msije mkaniambia mbona kuna sheria ya kuzuia bili za kushtukiza. Ipo, No Surprises Act, ilianza kazi tarehe 1 Januari 2022, inakulinda na bili za dharura hospitalini na hata za helikopta ya wagonjwa, lakini ambulensi ya barabarani waliiacha nje. Kuna majimbo yameweka sheria zao wenyewe kuziba hilo pengo, mengine hayajaweka, kwaiyo angalia la kwako kabla hujalipa chochote.

Masharti yasome jamani. Kadi ya kikosi chetu inafanya kazi kikosi chetu kikija, yaani wakiwa na kazi nyingine dispacha (anayepokea simu na kupanga magari) akatuma gari la kaunti ya jirani, bili utakayopata ni ya hao jirani na kadi yako haiwahusu, labda kama wana makubaliano ya kupokeana wanachama, na hilo ni swali la kuwauliza kabla. Helikopta ina uanachama wake tofauti kabisa na bei yake. Kubebwa kutoka hospitali kwenda nyumbani kwasababu tu huna usafiri haimo, lazima iwe safari yenye sababu ya kitabibu. Halafu kuna hili la bima ambayo kiwango chako cha kulipa mwenyewe kwanza hakijafika, bima inalipa sifuri na zigo lote linakuangukia wewe, kuna vikosi wanalifuta lote, kuna wanaofuta nusu, na asiye na bima kabisa mara nyingi anapewa punguzo tu. Na kitu kingine ambacho kinawachanganya watu, wakati mwingine bima inatuma cheki kwa jina lako badala ya kuituma kwa kikosi. Hiyo cheki sio ya kwako hata kama ina jina lako. Ukiitumia unabaki na deni na uanachama wanakufuta.

Nani asijiunge? Mwenye Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo. Mtoa huduma akishapokea malipo ya Medicaid haruhusiwi kukudai salio la hiyo huduma, kwaiyo ukinunua kadi unalipia kufutiwa deni ambalo halitakuwepo. Kama unataka kuwasaidia toa mchango wa kawaida, ni jambo zuri, ila usifikiri umenunua ulinzi. Wazee wenye Medicare ya kawaida, bima ya serikali ya wazee, ni tofauti, sehemu yake iitwayo Part B inalipa asilimia 80 ya bei iliyoidhinishwa baada ya mtu kumaliza kiwango chake cha mwaka cha kulipa mwenyewe, na ile 20 inayobaki ndo kadi inakuja kuifuta kama mzee hana bima ya nyongeza. Wazazi waliopata karatasi za ukaazi na Medicare waandikisheni, lakini uliza kwanza kama mzee anahesabika kwenye kaya yako.

Haya, kodi. Hapa ndo watu wanadanganyana sana, na kuna wajuzi wa kwenye magrupu wanasema lipa uanachama wa ambulensi kisha ukate kwenye kodi, yaani uitoe kwenye kipato kinachotozwa kodi, kwasababu kikosi ni taasisi isiyo ya faida. Kikosi kweli ni taasisi ya hisani, lakini hela yako ya uanachama umepewa kitu kwa ajili yake. Kanuni ya IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, ni kwamba ukitoa hela ukapewa kitu cha thamani, kinachohesabika sadaka ni kile kilichozidi thamani ya ulichopewa. Kama ada ni 70 na unachopewa kina thamani ya hiyo 70, hakuna cha kukata. Ukiandika cheki ya 170, ile 100 ya juu ndo mchango. Tena ukitoa zaidi ya dola 75 huku sehemu yake ni malipo ya kitu, taasisi inatakiwa ikupe maandishi yenye makadirio ya thamani ya ulichopewa. Barua ya kikosi chetu imekaa vizuri hapa, ina visanduku viwili, kimoja cha ada na kimoja cha mchango wa ziada, na risiti inakuja imetenganisha. Nawapa maua yao, maana nimeona barua ya kikosi kingine imechanganya vyote mpaka mhasibu anashindwa aandike nini. Na kama inayouza uanachama ni kampuni ya kibiashara, maana zipo, hapo sadaka haipo kabisa, umenunua huduma.

Mchango halisi wa kuanzia dola 250 kwa mpigo unahitaji barua yao ya kukiri kupokea, cheki iliyopita benki peke yake haitoshi. Na kabla hujatoa hela ndefu, tafuta jina la taasisi kwenye ukurasa wa IRS wa kutafuta mashirika yenye msamaha wa kodi, ni dakika mbili. Nasema hivi kwasababu kuna wale wanaopiga simu jioni wanasema wanachangisha kwa ajili ya wazimamoto na watu wa ambulensi, ukibana maswali unakuta ni kampuni ya kuchangisha iliyoajiriwa na inabaki na fungu nono, au hata kikosi chenyewe hakipo. Cha kwenu kina jengo, nenda pale.

Ila sasa hata ukishakuwa na risiti safi, usitegemee kitu kikubwa, na hili watu hawapendi kusikia. Kukata michango kwa njia ya kawaida lazima uorodheshe makato yako moja moja kwenye fomu ya Schedule A, na inakuwa na maana pale tu jumla inapozidi lile punguzo la jumla ambalo kila mtu anapewa bila kuulizwa. Kwa kodi ya mwaka 2025 punguzo hilo ni dola 15,750 kwa mtu mmoja na 31,500 kwa wanandoa wanaojaza pamoja. Wengi wetu hatufiki huko, kwaiyo mchango wako wa 100 kwa ambulensi kikodi ulikuwa hauna athari yoyote. Kuanzia mwaka wa kodi 2026 mambo yamebadilika kidogo, asiyeorodhesha ataruhusiwa kukata michango ya fedha taslimu hadi dola 1,000, wanandoa 2,000, ila anayeorodhesha naye amewekewa kizingiti, michango yake inaanza kuhesabika ikizidi nusu asilimia ya kipato, yaani mwenye kipato cha 100,000 dola 500 za kwanza zinapotea hewani. Na hata ikihesabika piga hesabu yako vizuri, mtu aliye kwenye ngazi ya kodi ya asilimia 12 akitoa 200 anapunguziwa kodi dola 24. Ishirini na nne! Toa kwa sababu unataka kikosi kiwepo, hiyo 24 nunua soda.

Bili ya ambulensi uliyoilipa kutoka mfukoni nayo inaingia kwenye gharama za matibabu za kukata kwenye kodi, lakini mpaka uwe unaorodhesha na gharama zote za matibabu za mwaka zipite asilimia 7.5 ya kipato chako kilichorekebishwa, mwenye 60,000 anaanza kuhesabu baada ya 4,500. Kwa familia iliyopata mwaka mbaya inawezekana, kwa safari moja ya ambulensi hapana.

Na ile michango yetu ya WhatsApp, mtu amelazwa, treasurer anapokea kwa Zelle (ile ya kutumiana hela kati ya benki), orodha inapandishwa na majina na viwango (wengine wanaona aibu kuandika 20 wanasubiri mwisho wa mwezi), hiyo haikatwi hata senti. Ukimpa mtu binafsi, hata awe na shida ya kutoa machozi, IRS inaihesabu zawadi. Kurasa za kuchangisha mtandaoni kwa ajili ya mgonjwa fulani ni vile vile. Kuna jambo moja la kujua hapo kwa wenye nazo, ukimlipia mtu bili yake ya matibabu moja kwa moja kwa hospitali au kwa ambulensi, hela hiyo haihesabiki kwenye kikomo cha zawadi cha mwaka ambacho kwa 2025 ni dola 19,000 kwa kila unayempa, wakati ukimkabidhi yeye mkononi inahesabika. Kukata kwenye kodi hukati, ila makaratasi ya kuripoti zawadi unayaepuka.

Wanaojitolea wenyewe ndo wananihuzunisha. Muda wao haukatwi kwenye kodi, hata wakeshe. Wanaruhusiwa kukata gharama kama sare na mafuta ya kwenda kituoni kwa gari lao, na kiwango cha maili ni senti 14, kimeandikwa kwenye sheria yenyewe kwaiyo hakipandi mafuta yakipanda. Utamaduni huu wa vikosi vya kujitolea wanauhesabu tangu 1928 pale Roanoke, Virginia, alipouanzisha Julian Stanley Wise, na hadi leo kuna maeneo makubwa ya nchi hii ambako bila wao hakuna gari linalokuja. Tena bima nyingi, Medicare ikiwemo, kwa kawaida zinalipa pale tu mgonjwa anapobebwa. Wakija wakamuamsha mwenye kisukari kwa glukosi akakataa kwenda hospitali, mafuta yameungua, vifaa vimetumika, na bili ya kumpelekea bima mara nyingi haipo. Ndo maana mi nikilipa ada naongezea kidogo kwenye kile kisanduku cha pili, na naandika cheki maana ukilipa kwa kadi ya benki wanakatwa asilimia.

Nyota iliyokosekana ni hii. Mwaka wao wa uanachama unaanza tarehe 1 Julai na unaisha 30 Juni kwa kila mtu, ukijiunga Machi unalipa 70 nzima kwa miezi minne, na hakuna kulipa kwa mtandao, ni cheki kwa posta au uende kituoni, na kituoni mara nyingi hakuna mtu maana wako barabarani au kazini kwao. Kadi ilichukua wiki kadhaa kufika. Niliuliza kama uanachama unaanza siku kadi inapofika au siku cheki inapopokelewa, yule mama wa ofisi akasema siku cheki inapopokelewa lakini safari iliyotokea kabla ya hapo hairudishwi nyuma. Kwaiyo kama unahamia mji mpya, subiri tu ikaribie Julai kama hamna mgonjwa nyumbani, na kama yupo lipa leo leo hata kama ni Machi.