Klasta ya chuo: foleni ya haki, darasa limesahauliwa

Jenomu, yaani DNA yote, ya kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, ina takriban jozi milioni 23 za besi, kiasi ambacho laptopu ya kawaida hukimudu. Taabu huanza sampuli zinapofika mamia, na kila moja ikalazimika kulinganishwa na jenomu ya marejeo. Klasta ya chuo kikuu kimoja cha hapa Kisumu, tunayoitumia kwa utafiti na kwa kufundishia, huzisambaza sampuli hizo kwenye nodi nyingi, yaani kompyuta zilizounganishwa kuunda klasta, kwa wakati mmoja, na kwa kazi ya aina hiyo sina lalamiko.

Kinachostahili sifa kuliko hata mashine zenyewe ni foleni ya kazi zinazosubiri zamu. Inasimamiwa na Slurm, programu huria iliyoanzia katika maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani, na imepangwa kwa kanuni ya mgao wa haki: kundi lililotumia prosesa nyingi siku za karibuni hushushwa, hata kama kiongozi wake ni profesa. Anayewasilisha kazi hutaja muda, kumbukumbu na prosesa anazohitaji, na hapo ndipo wengi hujiponza, kwani mwanafunzi huomba siku tatu kwa kazi ya saa mbili ili asikatizwe njiani, kisha hushangaa kuona alama ya PD, yaani kazi bado inasubiri, imeganda kwenye mstari wake tangu asubuhi. Slurm inapokusanya nodi kwa ajili ya kazi kubwa, kazi fupi iliyotaja muda wake kwa ukweli hupenyezwa katika nafasi zilizo wazi, mithili ya bodaboda kati ya malori pale Kondele, bila kuichelewesha ile kubwa.

Upande wa kufundisha ndio unaokera. Darasa zima likiwasilisha zoezi kwa pamoja huku watafiti wameshika nodi, kipindi huisha kabla ya wanafunzi kuona tokeo lolote. Slurm ina uwezo wa kutenga nodi kwa saa maalumu, lakini wasimamizi hawajautumia, ingawa ratiba ya masomo hujulikana tangu muhula unapoanza. Ndipo wanafunzi huendesha programu zao kwenye nodi ya kuingilia, iliyo mlango wa watumiaji wote na si ya kazi nzito, na kila aliyeingia huonja ubovu wa kasi.

Diski ya muda haina nakala rudufu na faili zake hufutwa kwa ratiba. Onyo hilo hutokea kila mtu anapoingia, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Umeme nao hukatika, hivyo kazi ndefu na ziandikwe kwa namna ya kuhifadhi hatua zake kila baada ya muda. Afisa wa msaada, lazima nimtaje, humpitishia mgeni hati yake ya kuwasilishia kazi mstari kwa mstari.

Kadi za grafiki ni chache mno, na anayetaka kufunza modeli kubwa za akili unde atafute kwingine. Wa jenomu na takwimu aombe akaunti kupitia idara yake, na aombe kabla ya msimu wa tasnifu.