Mazoezi ya ulimi na uso kwa mtu anayelala mdomo wazi: uzoefu wangu wa miezi 5 hapa Dodoma

Jamani naomba niandike kwa urefu kidogo, maana nilipokuwa natafuta mtu aliyepitia haya mazoezi akaeleza kwa Kiswahili sikumpata, nilikuta video za Kiingereza tu. Mi naishi Ilazo, kazini ni Mtumba, nina miaka 41, na tangu nikiwa mtoto Kongwa nimekuwa mtu wa kupumulia mdomo. Pua inaziba, hasa kuanzia mwezi wa saba upepo ukishaanza kunyanyua vumbi, na nilishazoea hivyo hadi nikaona ndivyo nilivyoumbwa. Asubuhi koo kavu, mto una udenda, kichwa kizito, halafu nikipanda gari ya kazini nasinzia hata Nanenane hatujafika.

Kilichonipeleka hospitali lakini siyo usingizi, ni kupaliwa. Maji yananipalia, kidonge nakimeza mara tatu hakiendi, mlenda ndo ulikuwa unaniokoa maana unateleza wenyewe. Mwaka jana mwishoni tuko ukweni, tonge la ugali wa uwele likanipita pabaya mbele ya watu wote, nikakohoa hadi macho yakatoka machozi, mama mkwe akanipiga mgongoni mpaka likatoka. Usiku ule mume wangu akaniambia jambo ambalo alikuwa ananificha, kwamba nikilala chali nakoroma halafu pumzi inakata kabisa, yeye anakaa macho anasubiri irudi. Nililia siku ile, sifichi.

Mwezi wa kwanza nikaenda kwa daktari wa pua, koo na masikio. Hapa naomba mnisikilize vizuri, USIANZE mazoezi kabla pua haijaangaliwa. Mi nilikutwa nyama za pua zimevimba kwa aleji, nikapewa dawa ya kupuliza na kuoshea pua kwa maji ya chumvi (maji yachemshwe kwanza yapoe, siyo ya bombani moja kwa moja). Pia akaniangalia kwa upande wa kumeza, kwa sababu mtu mzima kupaliwapaliwa kunaweza kuwa dalili ya mambo mengine kama kiharusi au shida ya mishipa ya fahamu, siyo la kudharau. Aliporidhika ndo akasema, mama, ulimi wako umezoea kulala chini, itabidi ufundishwe upya. Akaniandikia nimwone mtaalamu wa matamshi na umezaji.

Sasa hawa wataalamu nchini ni wachache mno, niliyempata yuko Dar, kwa hiyo tulifanya kwa video ya simu, sh 45,000 kila kipindi, vipindi 8, na bima yangu haikulipa hata senti. Hiyo ndo kasoro kubwa kuliko zote kwa kweli, ni huduma ambayo wengi hawaiwezi.

Kipindi cha kwanza yule dada aliniuliza swali moja tu, "Mama, ulimi wako uko wapi sasa hivi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia sema neno "nne" ila ukifika kwenye ile n ya mwanzo usimalizie, baki hapohapo. Jaribu na wewe unayesoma. Pale ncha ya ulimi ilipogusa, kwenye ufizi nyuma ya meno ya mbele ya juu, ndo nyumbani kwake, na ulimi uliobaki wote unatakiwa upande ushikane na paa la kinywa, midomo imefungwa bila kukaza, hewa inapita puani. Wangu ulikuwa umelala chini muda wote na nikimeza unasukuma meno ya mbele badala ya kusukuma chakula nyuma, ndo maana midomo ilikuwa inajikunja kila nikimeza. Tunameza mamia ya mara kwa siku, mate tu peke yake, sasa fikiria mara zote hizo unameza kwa namna isiyofaa.

Na usiku ni ulimi huohuo. Ukilala misuli yote inalegea, ukiwa chali shina la ulimi linarudi nyuma na kubana njia ya hewa, pale ndo mkoromo unapotoka, na ikiziba kabisa pumzi inakatika.

Mazoezi yenyewe ukiyaona utasema haya ni ya watoto. Kusugua ncha ya ulimi kwenye paa la kinywa ukiirudisha nyuma taratibu mara 20. Kunyonya ulimi wote juu ukashikilia, halafu unauachia kwa mlio kama watoto wanavyoiga kwato za punda. Kukandamiza shina la ulimi chini huku ncha inagusa meno ya chini. Kusema "aaa" kwa kukatakata ukiangalia kwenye kioo kama kile kilimi kinachoning'inia kooni kinapanda. Kuingiza kidole ndani ya shavu unasukuma nje, shavu linakataa. Kifungo kikubwa cha koti kimefungwa uzi, unakiweka kati ya meno na midomo, unavuta uzi na midomo inakizuia kisitoke, hiki ndo kiliniuma mashavu wiki nzima. Na puto, unavuta hewa kwa pua unapuliza mara tano bila kulitoa mdomoni. Mwisho kula kwenyewe, kutafuna kulia na kushoto kwa zamu, kumeza meno yamekutana, ulimi juu, midomo imetulia.

Jumla ni kama nusu saa kwa siku, nikagawa mara tatu. Asubuhi nikichemsha chai, mchana ofisini mlango umefungwa, usiku kabla ya kulala. Wiki tatu za kwanza sikuona chochote zaidi ya uchovu chini ya kidevu na nilitaka kuacha, asanteni mume wangu na binti yangu wa darasa la nne ambaye alikuwa anafanya na mimi zoezi la punda kila jioni.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa kwenye kumeza, wiki ya tano hivi, nimekunywa glasi nzima ya maji nikaishusha mezani ndo nikashtuka kwamba sijakohoa. Kukoroma kulichukua muda zaidi, mpaka mwezi wa tatu wa mazoezi. Mi sikupimwa usingizi kwa mashine, kipimo changu ni mume wangu na mto wangu. Mto ni mkavu. Yeye anasema bado nakoroma nikichoka sana ila ile kukatika hajaisikia tena tangu mwezi wa sita, na kwenye gari sasa nafika Mtumba macho makavu kabisa, nasoma meseji zangu njiani.

Kwa wanaoniuliza kama kuna ushahidi, upo. Brazil mwaka 2009 walichapisha utafiti wa watu 31 wenye kukatika pumzi usingizini kwa kiwango cha kati, waliofanya mazoezi ya aina hii miezi 3 walishuka kutoka wastani wa mara 22 kwa saa hadi karibu 14, na wenzao waliopewa mazoezi ya kupumua tu hawakushuka. Ona lakini, 14 siyo sifuri. Kwa hiyo kama tatizo lako ni kali na daktari amekuambia utumie mashine ya kusukuma hewa, tumia mashine, haya yawe nyongeza. Na mtoto mwenye mafindofindo makubwa au nyama za pua zilizoziba njia hatapona kwa kupuliza puto, anatakiwa daktari kwanza.

Kingine kuna watu wanashauri kwenye magrupu ubandike midomo plasta usiku ili ulazimike kutumia pua. Nawaomba sana msifanye hivyo kama pua imeziba au pumzi inakatika, mimi kwa hali niliyokuwa nayo ningejidhuru.

Mwezi wa saba huu vumbi lilivyoanza pua iliziba siku nne na mdomo ukafunguka tena usiku, niliogopa kwamba kazi yote imepotea. Yule dada akaniambia nisikaze mazoezi, nirudi kuosha pua asubuhi na jioni, ikifunguka niendelee. Ikafunguka siku ya tano. Sasa hivi nafanya mara moja kwa siku, dakika kumi, na vipindi vya kulipia nimemaliza. Jumla sh 360,000 ukiacha bando na dawa ya pua. Kama kuna mtu Dodoma au Singida anafanya huduma hii ana kwa ana naomba anitajie, mama mkwe naye ameanza kupaliwa na yeye simu ya video haiwezi.