Kufungua mirathi Tanga: huduma ya Mahakama ya Mwanzo, na wosia unaowekwa RITA

Kwa familia nyingi za Tanga, mirathi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, na kwa jumla ni huduma nzuri: shauri linasikilizwa kwa Kiswahili, fomu ni chache, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Ila si kila mirathi ni ya pale. Mahakama hii inashughulikia mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, tena ya marehemu aliyekuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo lake. Mkristo ambaye maisha yake hayakufuata mila, mirathi yake ni ya Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu. Ukikosea hapo, shauri zima linaweza kufutwa hata kama msimamizi wa mirathi, yaani anayekusanya na kugawa mali, ameshateuliwa.

Nenda na cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwani kibali cha mazishi hakitoshi, pamoja na orodha ya warithi wote na ya mali. Muhtasari wa kikao cha familia si sharti la sheria, lakini wenye sahihi za wote hupunguza mapingamizi. Unajaza Fomu Na. 1, tangazo linatolewa, shauri linasikilizwa, kisha msimamizi anapewa barua ya uteuzi, Fomu Na. 4. Kinachochelewesha sana ni majina: cheti kinasema Mwanahamisi, hati ya nyumba inasema Mwanahamisi Binti Omari, kitambulisho cha NIDA kina jina la tatu. Rekebisha kwa kiapo kabla ya kufungua.

Wengi wakishapata Fomu Na. 4 huona wamemaliza, na hapo ndipo ugomvi huanza. Msimamizi hajawa mwenye mali. Ndani ya miezi 4 anatakiwa kurudisha Fomu Na. 5 yenye mali na madeni yote, kisha Fomu Na. 6 ya hesabu za mgawanyo, ndipo mirathi ifungwe. Fomu Na. 5 iandikwe kwa undani. “Shamba Muheza” haitoshi: andika ekari, michungwa mingapi, minazi mingapi na imo kwenye ardhi ya nani, maana pwani yetu mtu huweza kuwa na minazi juu ya ardhi ya mwenzake. Kwenye madeni usisahau mahari ambayo mume hakuimaliza. Kwa Mwislamu hilo ni deni la mjane, linalipwa kabla ya kugawa, naye bado anapata thumuni yake (sehemu moja ya nane) ikiwa marehemu ameacha watoto.

Wosia wa RITA tunaupendekeza bila kusita. Wanasaidia kuuandika na wanautunza, na wosia uliofungiwa kabatini nyumbani ni rahisi kupotea au kufichwa. Lakini hauondoi mahakama: msimamizi uliyemtaja lazima athibitishwe. Kwa Mwislamu pia hauvuki thuluthi (theluthi moja) ya mali, wala haumpi mrithi nyongeza mpaka warithi wenzake waridhie baada ya kifo.

Anayetaka mali isipite mahakamani kabisa aihamishe akiwa hai. Hiba, yaani zawadi ya mali mtu akiwa hai, inahitaji kutoa, kupokea na kukabidhi, na hapa kwenye kukabidhi ndipo nyingi huanguka. Baba ameandika karatasi kwamba nyumba ni ya binti yake, lakini kodi ya wapangaji anapokea yeye na hati ina jina lake. Akifa, nyumba hiyo inaingia kwenye mirathi. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti nayo huhesabiwa kama wosia. Ikiwa ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenzi iwepo kwa maandishi.

Wanandoa wanaweza pia kumiliki kwa hati ya pamoja ambapo aliyebaki anachukua yote, ila hati lazima iseme hivyo wazi. Isiposema, kila mmoja huhesabiwa ana fungu lake, na la marehemu linakwenda kwa warithi. Mwislamu amuulize kadhi kwanza, kwa kuwa njia hii inawaruka warithi wengine.

Kwa nyumba za Ngamiani ambazo hati bado ina jina la babu, lolote kati ya haya halifanyi kazi bado. Fungueni mirathi ya babu kwanza, kisha ya baba, kila moja na cheti chake cha kifo na msimamizi wake.