RAM ya mtumba yenye jina au mpya isiyo na jina: uzoefu wangu wa kununua mtandaoni nikiwa Mbeya

Ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe, RAM ya laptopu, yaani kibao cha kumbukumbu ambacho mashine hukitumia ikiwa inafanya kazi, unaipata kwa njia tatu: kuagiza nje kupitia eBay au AliExpress, kununua kwa muuzaji wa Kariakoo anayetangaza Instagram na WhatsApp kisha atume kwa basi, au kwenda kwa fundi wa mtaani, kama wa Mwanjelwa au Kabwe hapa Mbeya, akupatie alichonacho kwenye droo. Nimezitumia zote, na msimamo wangu nautoa hapa hapa: kwa mashine nyingi zilizoko mikononi mwa watu wa huku, RAM ya mtumba iliyochomolewa kwenye laptopu ya kampuni, yenye stika ya Samsung, SK Hynix au Micron, ni bora kuliko mpya iliyofungwa vizuri yenye jina ambalo hujawahi kulisikia.

Kampuni hizo tatu ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa kabisa ya chipu za RAM duniani. Wauzaji wengi wengine wa RAM, hata wenye majina ya heshima kama Kingston, hununua chipu na kuzipachika kwenye kibao chao. Kingston anachagua na kupima. Asiye na jina anaweza kuokota chipu zilizokataliwa kiwandani au zilizobanduliwa kwenye vibao vya zamani, akazichomelea upya na kubandika stika inayong'aa. RAM haina kitu kinachozunguka wala kinacholika kama betri. Iliyofanya kazi miaka mitano ofisini Ulaya bila kusumbua imeshajithibitisha, hiyo mpya bado.

Kuhusu bei, sahau ulizozizoea. Kuanzia nusu ya pili ya 2025 RAM ilipanda sana duniani kote, kwa sababu viwanda vimehamishia nguvu kwenye kumbukumbu za seva za akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, jina ambalo wengi tulikuwa tunalikimbilia. Kwa hiyo anayekuuzia leo kwa bei ya mwaka juzi ama hajui soko, ama anajua zaidi yako. Bei ya kulinganishia ipo eBay: tafuta aina unayotaka, kisha kwenye vichujio chagua bidhaa zilizokwisha kuuzwa. Utaona watu walilipa kiasi gani kweli, maana bei ya tangazo kila mtu anaweza kujiandikia.

Kabla ya bei, ijue mashine yako. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye utendaji (Performance), kisha kumbukumbu (Memory). Pale chini utaona kasi, idadi ya sloti (nafasi za kupachikia RAM) na ngapi zinatumika. Kwenye Linux andika sudo dmidecode -t memory, utapata mpaka namba ya kipande. Lakini usiishie hapo, fungua mfuniko uone kwa macho, kwa sababu baadhi ya laptopu zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi. ThinkPad T440s ina GB 4 zilizochomelewa na sloti moja tu. ThinkPad X240 ina sloti moja basi. HP EliteBook 840 G1 ina sloti mbili na inafika GB 16. MacBook Air hata usihangaike, hakuna sloti.

RAM ina vizazi, DDR3, DDR4 na DDR5, na kwenye DDR3 ndipo watu wengi wanapopigwa. DDR3 ya laptopu ina pini 204, na zipo za aina mbili zinazoingia kwenye sloti ile ile: ya volti 1.5 na ya volti 1.35, ambayo huitwa DDR3L. Prosesa za Intel za laptopu za kizazi cha 4 zinataka ile ya 1.35. Ukiweka ya 1.5 itakaa sawasawa, vishikizo vitabana vizuri, halafu mashine haiwaki, au inawaka na kuzima. Muuzaji atakuambia bodi yako mbovu. DDR4 ya laptopu ina pini 260 na volti 1.2, DDR5 ina pini 262 na volti 1.1, na pengo la katikati liko mahali tofauti, kwa hiyo hata ukilazimisha haiingii. Afadhali hizo zinakukatalia mlangoni.

Stika ndiyo kitambulisho cha RAM. Mdai muuzaji picha ya karibu, ya kile kipande hasa anachokutumia, uso na mgongo. Chukua mfano wa stika ya Samsung ya DDR3L: imeandikwa 8GB 2Rx8 PC3L-12800S, na chini yake M471B1G73EB0-YK0. Ile L baada ya PC3 ni volti 1.35. Namba 12800 ukiigawa kwa 8 unapata 1600, ambayo ndiyo kasi. S ya mwisho inamaanisha ni ya laptopu. Sasa tazama mkia wa namba ya pili: YK0 ni volti 1.35, na CK0 ni volti 1.5. Kuna stika zimekwaruzwa pale juu kwenye L lakini mkia unasomeka, na mkia haudanganyi. Kwa SK Hynix angalia chipu zenyewe: zikianza na H5TC ni za 1.35, zikianza na H5TQ ni za 1.5.

Halafu hesabu chipu. 2Rx8 maana yake kuna safu mbili za chipu nane nane, jumla 16. Kwenye hiyo ya GB 8, kila chipu inabeba MB 512. Picha ikionyesha chipu nane tu pande zote mbili huku stika ikisema 2Rx8, stika imetoka kwenye kipande kingine. Kwenye DDR4 ya GB 8 utakuta mara nyingi 1Rx8, chipu nane za GB 1 kila moja, mfano Samsung M471A1K43CB1-CRC, ambayo ni ya kasi ya 2400. Ukikuta 1Rx16 ina chipu nne tu. Inafanya kazi, ila iko nyuma kidogo kwa kasi, kwa hiyo usilipe bei ile ile. Chipu zote za upande mmoja ziwe na maandishi yanayofanana. Mchanganyiko wa kampuni mbili kwenye kibao kimoja ni dalili kwamba kuna mtu alikaa nacho na chuma cha kuchomelea.

Usilipie kasi isiyotumika. ThinkPad T480 yenye prosesa ya kizazi cha 8 inaendesha RAM kwa 2400. Ukiweka ya 3200 kwa kawaida itashuka yenyewe mpaka hapo na kufanya kazi, ila hiyo tofauti ya bei umeitupa. Bora hela hiyo iongezee kipande cha pili: GB 4 mbili kwenye sloti mbili huongeza kasi ya kazi za picha zinazofanywa na prosesa yenyewe kuliko GB 8 moja. Na kama Windows yako ni ya biti 32, haitatumia zaidi ya GB 4 hata ujaze sloti zote, kwa hiyo anza na hilo.

Kwa watu wa kompyuta za mezani kuna mitego miwili. Wa kwanza ni DDR3 za GB 8 za bei chee ambazo maelezo, tena kwa maandishi madogo, yanasema ni za mashine zenye prosesa za AMD tu. Ukiipeleka kwenye bodi ya Intel haisomi. Wa pili ni RAM za seva, zinazoishia na R badala ya U, mfano PC3-12800R. Zinaonekana sawa, zinaingia sawa, na bei yake inatamanisha, lakini kwenye kompyuta ya kawaida ni pambo.

Tukirudi kwenye kuagiza nje. Bei inayoonekana kwenye tangazo mara nyingi ni ya GB 2, picha ikionyesha GB 16. Chagua ukubwa na aina unayotaka kwanza, weka Tanzania kama nchi ya kupokelea, ndipo usome jumla. Kisha ongeza VAT ya 18%, inayokokotolewa kwenye bei ya bidhaa pamoja na usafiri. Tuseme kipande ni dola 20 na usafiri dola 6: VAT ni dola 4.68, jumla dola 30.68, bado tozo ndogo za kupokelea. Mkiagiza vipande viwili kwa usafiri ule ule, jumla ni dola 54.28, yaani dola 27.14 kila kimoja. Ndiyo maana kuagiza kipande kimoja peke yako naona hakuna faida. Vijana wa MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha hapa Mbeya, wakijikusanya watano, hapo inalipa. Mawakala wa mizigo wa Guangzhou, China, wanaotoza kwa kilo nao ni hivyo hivyo: RAM ya laptopu ina gramu chache tu, utalipia kiwango chao cha chini.

Kwenye eBay dhamana ya kurudishiwa fedha ni siku 30 tangu mzigo ufike, na kwenye AliExpress unaweza kufungua malalamiko mpaka siku 15 baada ya oda kufungwa. Zinasaidia, lakini kifurushi cha kurudisha kutoka Mbeya hadi China kinaweza kugharimu kuliko RAM yenyewe. Kwa hiyo unachopigania ni kurudishiwa hela bila kurudisha mzigo, na silaha yako ni video: kifurushi kikiwa bado kimefungwa, stika ya posta inasomeka, unafungua bila kukata video, mpaka kipande kinaingia kwenye mashine. Usibonyeze kwamba umepokea kabla hujapima. Chagua usafiri wenye namba ya kufuatilia ya posta, herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi, kama CN. Anwani weka S.L.P. na namba ya simu inayopatikana, maana Posta ndiyo hiyo watakayopiga.

Kulipa si tatizo tena. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa au Airtel Money inatosha. Pakia kiasi cha oda na akiba kidogo, kwa sababu kiwango cha kubadilishia dola hakitakuwa kile ulichokiona Google. Kadi ya benki nayo inafaa, ila mara nyingi imefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni mpaka uombe ifunguliwe.

Kwa kipande kimoja au viwili, mimi nachagua Kariakoo. Bei iko juu kidogo ya ile ya mtandaoni, lakini ukijumlisha kodi, usafiri na wiki za kusubiri, pengo linakwisha. Mwambie muuzaji akurekodie video fupi: RAM mkononi, stika ikisomeka, anaipachika, mashine inawaka, anafungua programu ya CPU-Z kwenye ukurasa wa SPD, unaoonyesha taarifa zilizohifadhiwa ndani ya RAM yenyewe, na namba ya kipande inafanana na ya stika. Anayesema hana muda wa video, basi na wewe huna hela. Lipa kwa lipa namba yenye jina la duka, omba risiti ya EFD, na siku za dhamana aziandike WhatsApp, si kwa mdomo. Mwambie aifunge kwenye kikasha kigumu. Bahasha tupu kwenye buti la basi, chini ya magunia, hupinda kibao, na chipu zikiachia kidogo tu utapata mashine inayozima ikipata joto. Stakabadhi ya ofisi ya basi akutumie kwa picha. Mzigo ukifika stendi, nenda nayo na kitambulisho.

Kupachika ni dakika chache. Zima kabisa, chomoa chaja na betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi umeme uliobaki uishe. Miezi ya baridi kuanzia Juni, hewa ya huku ni kavu na kila mtu yuko ndani ya sweta la sufu. Umeme tuli wa nguo unaua chipu bila wewe kuhisi chochote. Vua sweta, gusa chuma kisicho na rangi kwanza, na shika kibao kwa kingo zake. Ingiza kwa mshazari mpaka pini zikaribie kutoonekana kabisa, kisha bonyeza chini mpaka vishikizo vibane. Kwenye DDR5 skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa mara ya kwanza. Usikimbilie kuzima.

Isipowaka, chomoa, futa pini kwa kifutio safi au spiriti, jaribu sloti ya pili, halafu jaribu kipande kipya peke yake. Ikiwaka, bado hujamaliza. Weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, washia mashine humo na uiache ipite mizunguko yote minne, ambayo kwa GB 8 ni kazi ya masaa, kwa hiyo iache usiku ikiwa na betri na chaja, umeme ukikatika usianze upya. Kosa moja tu jekundu linatosha kukataa kipande, hata kama Windows inafunguka bila shida. RAM yenye kosa moja ndiyo inayoharibu mafaili kimyakimya na kuleta skrini ya bluu wiki ya tatu, dhamana ya siku saba ikiwa imeshapita. Rudia kwenye sloti nyingine ili muuzaji asisingizie bodi, piga picha ya matokeo, mtumie, na kipande kirudi kwa basi la kesho asubuhi ndani ya kikasha kile kile.