Dar mpaka Narita peke yangu: nilivyobeba, na vilivyonichosha

Haya, habari zenu wapendwa, karibuni tena. Leo hapa mezani kuna mto wa shingo, soksi, pawabenki, adapta, na hiki hapa nimekifunika makusudi, tutakifikia. Vyote vimeruka na mimi kutoka Dar mpaka Narita, Japani, nikiwa peke yangu. Hakuna aliyenilipa, hela ilitoka mfukoni mwangu, kwa hiyo nitasema ninavyoona.

Kwanza muijue safari yenyewe, maana mto wa kwenda Mwanza si mto wa safari hii. Niliruka kutoka Terminal 3 saa kumi na moja jioni, nikatua Doha saa tano usiku. Saa nane usiku nikapanda ya pili, na hiyo ndiyo yenyewe: saa kumi hewani. Ukijumlisha na kusubiri, tangu magurudumu yaache ardhi ya Dar mpaka yaguse Narita ni saa 19. Na hapo ni kwenda. Kurudi ndege inapambana na upepo wa juu unaovuma kutoka magharibi, Narita mpaka Doha inaongezeka saa moja na ushee.

Sasa sikilizeni. Ukisafiri na mtu unamwambia, "Nishikie begi, nakuja." Ukiwa peke yako humwambii mtu. Pale Doha, baada ya kulipita lile dubwana la njano, yule dubu mwenye taa kichwani, nilikwenda msalani na begi la mgongoni, mkoba, koti, na huu mto uko shingoni kama nira ya ng'ombe. Kuingia nimeingia, kugeuka siwezi. Koti nimeliuma kwa meno. Nikasema humo humo: kuanzia leo kitu chochote nitakachokichambua lazima kipite kipimo cha choo. Tunaenea wote wawili mle ndani? Kama hatuenei, hata kiwe kizuri vipi, kwa msafiri wa peke yake hakifai.

Tuanze na huyu mtuhumiwa. Huu mto ni wa sponji nzito, nimenunua Kariakoo, muuzaji aliniapia kwamba nitalala kama mtoto. Tazameni huku nyuma ulivyonenepa. Siti ya ndege ina sehemu yake ya kuegemeza kichwa, ukiongeza na unene huu kichwa kinasukumwa mbele, kidevu kinagonga kifua. Nilizinduka mara tatu nikidhani nimeitwa. Baadaye nikaugeuza, uwazi ukaja nyuma, unene ukakaa chini ya kidevu, hapo angalau. Lakini haukunjiki, na kwenye begi hauingii. Choo umefeli. Nawapa wenye gari, mkitoka Dar kwenda Arusha utawafaa.

Na sasa hiki nilichokifunika. Mnaona? Khanga. Doti nzima, sikuikata. Mama ndiye aliyeisukumia kwenye begi dakika ya mwisho, nikanuna, nikamwambia huko ndege wanatoa blanketi. Jamani! Upande mmoja niliukunja, nikauviringisha, nikauzungusha shingoni na kufunga fundo upande ninaolalia. Kichwa kinategemea fundo. Upande wa pili nikajifunika mpaka usoni, taa za watu wanaotazama filamu zikaniishia huko. Doha nilitandika nikaswali. Asubuhi nilipopiga mswaki nikajifutia ncha yake. Inakunjwa inakuwa kama mkate mdogo. Choo imepita na nafasi ikabaki. Mto shilingi elfu thelathini na tano, khanga ya mama bure, na nimelala saa nne mfululizo.

Soksi za kubana. Hizi nilikuwa nazidharau, nikidhani ni za wazee. Hewa ya ndani ya ndege wanaishindilia, lakini haifikii ya Dar. Inaweza kuwa sawa na ya mtu aliyeketi mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, yaani kama uko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Halafu ni kavu kupindukia, na miguu inaning'inia saa kumi. Nilifanya jaribio la kishamba: kwenda nimevaa, kurudi sikuvaa. Kwenda, nilitua Narita nikavaa raba zangu bila kulegeza kamba. Kurudi, mguu wa kushoto ulikataa kiatu, nikashuka nimekanyaga kisigino kama nimevaa ndara. Mwenye historia ya damu kuganda au mjamzito azungumze na daktari kwanza. Wengine vaeni kabla ya kutoka nyumbani, maana kuzivuta ndani ya siti ni mieleka.

Siti nayo ni bidhaa, msicheke, maana unaweza kuilipia. Chukua ya kwenye korido. Dirishani panavutia, ila ukiwa na ndugu yako unamruka tu. Ukiwa peke yako, ukitaka kutoka unaamsha wageni wawili, basi unajizuia, hunywi maji, na hilo ndilo linalokuumiza zaidi. Nilikaa koridoni, nikanyanyuka kila nilipotaka, nikanywa maji mpaka mhudumu akanizoea. Kwa hela ile ile ya mto na kitu juu, ningechagua siti kuliko mto, mara kumi.

Pawabenki: soma nyuma yake. Hii ni ya mAh 20,000, ambayo ni wati-saa 74, na kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni 100. Kama maandishi yamefutika, iache nyumbani, watu wa usalama hawakisii. Isiingie kwenye begi kubwa la kupakiwa chini. Na tangu Julai 2025 ndege za mashirika ya Japani hawataki uiweke kule juu kwenye mizigo, ukae nayo karibu, ikianza kuchemka ionekane.

Adapta: soketi zetu ni za pini tatu nene, zao ni mbili bapa, na umeme wao ni volti 100. Chaja ya simu haina shida. Ila pasi ya nywele niliyozoea nyumbani ilibaki vuguvugu, nikafunga kilemba wiki nzima.

Kitu kingine: Visit Japan Web. Hiki si cha kununua, unajaza mtandaoni kabla ya safari, unapata msimbo wa QR wa uhamiaji na forodha. Uhifadhi picha yake kwenye simu, usitegemee waifai ya uwanjani.

Sasa kababu. Mama alinifungia kababu kumi na mbili pamoja na visheti. Japani bidhaa ya nyama hairuhusiwi kuingia bila cheti cha ukaguzi cha nchi ilikotoka, hata iwe imepikwa, hata iwe moja. Nilikuwa nalijua hilo, kwa hiyo Doha nilikaa nikala saba, tano nikampa dada mmoja tuliyekaa benchi moja. Nikafunga mkebe mtupu, nikausahau begini. Pale mizigo inapozunguka Narita anapita mbwa mdogo, masikio yameanguka, kavaa kikoti. Akanusa begi langu, akaketi. Kimya. Hakubweka, ameketi tu ananitazama kama ananidai. Ofisa akafungua, akatoa mkebe, akaufunua: mtupu. Akaunusa na yeye. Sijui aliyecheka kwanza ni nani. Visheti vikaachiwa, ni unga na sukari. Mkebe: kipimo cha choo umepita, cha mbwa umefeli. Uosheni.

Kutoka pale mpaka Tokyo mjini ni mbali, kama kilomita 60. Nilipanda treni ya Skyliner, inakimbia kilomita 160 kwa saa, mwendo ule ule wa SGR yetu, nusu saa na kidogo uko stesheni ya Nippori. Dirishani nikawa natafuta IST na Noah za zamani, nizione kwao. Wapi! Ukaguzi wao wa magari unarudi kila baada ya miaka miwili na una gharama, gari likizeeka wanaliachia. Yamejaa Mbagala, kwao hayapo.

Lakini kabla ya treni nilimpigia mama. Saa ya ukutani inaonyesha saba, nje giza. Nikaanza kuhesabu vidole, Japani wako mbele yetu saa sita, nitoe sita... Mama akapokea: "Ndo unafika? Saa saba hii, watu tunapakua wali." Nikaitazama ile saa tena. Sita tunazotofautiana nao ndizo zile zile sita za saa ya Kiswahili. Namba ya ukutani kwao ndiyo saa ya mama. Wiki nzima sikugusa programu ya saa za dunia: ukuta ukisema nane na nje giza, nyumbani saa nane mchana, napiga.

"Khanga uliitumia?" akauliza. Nikamwambia mtandao unakatakata.