Vipimo vya maji kwa bia ya nyumbani Dodoma: kipi ununue kwanza

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dodoma mjini hutoka chini ya ardhi, kwenye visima vya bonde la Makutupora. Maji ya aina hiyo hubeba madini. Tazama utando mweupe ndani ya birika. Kwa mpika bia, adui mkubwa ni alkalini, yaani bikaboneti. Hiyo huzuia mchanganyiko wa kimea na maji moto kushuka hadi pH (kipimo cha uchachu) 5.2–5.6, na bia ya rangi nyepesi hubaki na ukakasi wa maganda.

Nafasi ya kwanza tunaipa seti ya matone ya KH (alkalini) na GH (ugumu wa maji), ile ya wafugaji wa samaki wa mapambo. Ni ya bei ndogo na inapima alkalini yenyewe. Weka mililita 5 za maji, dondosha moja moja huku chupa ikiwa wima, utikise kila mara. Kwa KH, rangi ikigeuka kutoka buluu kuwa njano, acha. Kila tone ni takriban mg 18 za alkalini kwa lita, likiwemo lile lililogeuza rangi. Ukitumia mililita 10, tone moja ni mg 9, na usahihi unaongezeka maradufu bila gharama ya kifaa kingine.

Tuseme umepata matone 12 kwa mililita 5: karibu mg 215. Bia nyepesi inataka chini ya 60. Nyeusi huvumilia hadi 150 hivi. Mililita 1 ya asidi ya laktiki ya asilimia 88 katika lita 20 hushusha takriban mg 29, kwa hiyo ungehitaji karibu mililita 6, kiasi kinachokaribia kuonjeka kwenye bia. Afadhali uchanganye nusu kwa nusu na maji ya chupa yenye madini machache (soma lebo), kisha utie mililita 2 za asidi hiyo.

Ya pili ni kipima pH cha kalamu. Chagua kinachosoma hadi 0.01, kinachorekebishwa kwa miyeyusho miwili, 4.01 na 7.00, na chenye elektrodi (ncha ya kupimia) ya kubadilishwa. Usipime pH ya maji matupu ukadhani umemaliza: pima mchanganyiko wa kimea baada ya dakika 15, sampuli ikiwa imepoa hadi nyuzi 25. Hewa ya Dodoma ni kavu, na elektrodi ikikauka huanza kudanganya. Ihifadhi kwenye myeyusho wa kloridi ya potasiamu, kamwe si maji yaliyotoneshwa, yaani yasiyo na madini.

Ya tatu, cheti cha maabara cha vipimo vya maji. Anayetumia kisima chake akipandishe kiwe cha kwanza, maana ndicho kitakachomwonyesha sodiamu, kloridi, salfeti na floridi. Rudia baada ya masika.

Kalamu ya TDS ni ya nne: inajumlisha chumvi zote bila kusema ni zipi. Karatasi za kuchovya ziache, hatua zake za rangi ni pana mno.

Klorini haihitaji kipimo. Gramu 0.13 za metabisulfaiti ya potasiamu, dawa ileile ya watengeneza mvinyo, huiondoa katika lita 20. Ikibaki, bia itanuka dawa ya hospitali. Mizani ya jikoni haifai kwa kiasi hicho. Nunua ya kusoma gramu 0.01, kama ya masonara.