Balbu au jiko la mkaa? Bruda (sehemu yenye joto ya kulelea) ya vifaranga vya bata

Hapa Tabora, baridi ya Juni na Julai usiku si ya kuchezea, na kifaranga cha bata bila mama hakiivumilii. Wengi tunatumia balbu ya wati 100 juu ya boksi, au jiko la mkaa lililofunikwa chungu.

Balbu ndiyo rahisi. Iwe ile ya kizamani inayounguza mkono. Hizi za kubana matumizi zinatoa mwanga tu. Wiki ya kwanza wanataka nyuzi joto 32 hivi, kisha unapunguza nyuzi 3 kila wiki kwa kufupisha kamba inayoning'iniza balbu. Wakirundikana chini yake wakilia, shusha. Wakikimbilia pembeni wanahema, pandisha. Shida ni bata mwenyewe: hanywi maji bila kuyarusha, na tone likigusa balbu ya moto, paa! Mbili zimenipasukia hivyo. Sasa chombo cha maji nakiweka mbali, juu ya wavu wenye beseni chini, na maranda yaliyolowa natoa kila asubuhi.

Jiko halijali umeme kukatika. Ila utaamka usiku kuongeza mkaa, joto linapanda na kushuka, na mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Chumba kikifungwa kabisa, asubuhi unaokota mizoga. Nawe usilale humo.

Kwa vifaranga 20 nachukua balbu. Wakifika 100, jiko, na madirisha ya juu wazi.